Pamba Ndani ya Piano

Leo nimefungua mfuniko wa piano sebuleni kwa marehemu baba, na harufu ya pamba ikanirudisha siku tuliyoihamisha kutoka Butimba, mwezi mmoja baada ya kumzika mama aliyekuwa akiipiga.

Wabebaji walikuwa wafunga marobota ya pamba wa Magu. Walishindilia pamba kati ya nyaya ili zisitikisike, kisha wakanyanyua piano kwa wimbo. Njia nzima baba alikaa nayo nyuma ya lori, ameikumbatia.

Ilifika hapa Buzuruga bila mkwaruzo. Nikabonyeza kitufe kimoja. Kimya.

"Baba, pamba tunaitoa lini?"

"Kesho, mama."

Kesho yake nikauliza tena, na keshokutwa, hadi nikajifunza kutouliza.

Nimevuta bonge la kwanza. Ni jeupe kama lililotiwa jana.