Samaki Waliolazwa kwa Caritas

Esperance alikuwa mwanamke mwenye wivu, na sisemi hivyo kumsengenya, maana mwenyewe alitangaza hivyo kwenye bomba la maji la mtaa bila haya. Nilikaa naye uwanja mmoja mtaani Nyakabiga, mlango kwa mlango, miaka ile ya vita, na ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba kiasi cha kusikia mtu akijikuna. Wanawake wengine walimcheka. Mimi sikumcheka. Anayeona wivu ni upuuzi hajawahi kuwa na mume wa kutazamwa.

Na Akilimali alikuwa wa kutazamwa. Mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojua kazi yake. Alikuwa fundi bomba, kazi mbaya kuliko zote kwa mke mwenye wivu, kwa sababu fundi bomba huingia nyumba za watu mchana, baba akiwa ofisini na mama akiwa ndani. "Bomba gani hiyo inapasuka kila juma?" Esperance aliniuliza siku moja, kana kwamba mimi ndiye niliyelipasua.

Ndiyo maana vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilipotukamata mwaka 1996, na vipuri vya mabomba vikaadimika mjini, yeye peke yake katika mtaa mzima alipata raha. Tulikosa petroli, tulikosa sukari, milio ya risasi ilishuka kutoka milimani kila jioni, lakini mume wake alikuwa nyumbani anamwona. Nilitamani kumpiga kofi kwa furaha yake ile.

Akilimali hakuweza kukaa bure. Nyuma ya nyumba alijenga tangi la matofali, akalipaka saruji, akaweka samaki ndani. Juu ya tangi alipanga mapipa yaliyokatwa katikati na kujazwa kokoto, na ndani ya kokoto Esperance akapanda lenga-lenga, yaani mchicha, na nyanya. Pampu haikuwepo. Asubuhi na jioni walichota maji ya samaki kwa ndoo, wakayamwaga juu ya kokoto. Mboga ikanywa uchafu wa samaki, na maji yakachuruzika tena tangini yakiwa safi. Samaki walikuwa wa mume, mboga ilikuwa ya mke. Zamani Esperance aliuza samaki wa chumvi na ndagala kavu, dagaa wa ziwani, aliowafuata Ruziba, kusini mwa mji, mpaka barabara ya kusini ikawa ya kubahatisha maisha. Sasa aliuza lenga-lenga, na sokoni watu walimsubiri yeye, maana mboga yake haikusinyaa. Alitembea na beseni lake kichwani kama mke wa waziri.

Halafu samaki wakaugua. Walianza kwa kupanda juu kuhema, kisha miili yao ikatoka utando mweupe kama pamba, na mapezi yakachakaa. Wawili wakafa. Akilimali alikosa hamu ya kula. Akamkumbuka mteja wake mmoja wa mtaa wa Mutanga Sud, mama aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya mambo ya ziwa, akaenda kumuuliza. Akarudi anatabasamu, akaingia jikoni moja kwa moja.

"Mama Mélissa, ile chumvi yetu iko wapi?" Mélissa alikuwa binti yao wa kwanza.

"Chumvi ya nini? Kwani samaki zote zimekufa?"

"Apana, ziko muzima. Zinagonjwa tu. Tutaziweka mu chumvi zipone."

Esperance alimtazama kama mtu aliyepandwa na malaria kichwani. Miaka yote aliyouza samaki, aliyewekwa chumvi alikuwa amekwisha kufa. "Nani amekudanganya hivyo?"

"Mama Caritas."

Jina hilo lilitosha. Caritas alikuwa mjane. Mumewe alitoka asubuhi moja kwenda kazini na hakuonekana tena, kama wengi wakati ule, na sote tulimwonea huruma. Hata Esperance alimwonea huruma, ila huruma yake ilitaka Caritas ahamie mkoa mwingine. Mjane yule alikuwa mzuri, alivaa miwani, na nyumbani kwake kulikuwa na hodhi la kuogea la kizungu, baignoire. Humo ndimo Akilimali alikuwa amekubaliana naye kuwalaza wagonjwa.

Basi aliwahamisha samaki kwa ndoo, na kila asubuhi, mara tu amri ya kutotoka nje usiku ilipokwisha, Akilimali alibeba chumvi ya nyumba yake akaipeleka nyumba nyingine. Alirudi na mikono ya shati imelowa. Akiketi mezani, ni Caritas kasema hivi, Caritas kasema vile: wasilishwe sana, maji yabadilishwe kidogo kidogo, yule mwenye doa ameanza kufungua mapezi. Esperance alinijia akinong'ona kwa hasira.

"Mi najua wagonjwa wanalazwa hospitali. Mu baignoire ya mwanamuke ndiyo nasikia leo."

"Ni samaki, Mama Mélissa."

"Samaki haiwezi kulowesha mutu mpaka mabega!"

Nikamwambia aende akaone kwa macho yake. Alitaka nimwambie hivyo tangu mwanzo.

Alienda. Mlango ulikuwa wazi, akaingia bila hodi mpaka bafuni. Akamkuta mumewe amepiga magoti kando ya hodhi akimimina maji kwa kikombe, na Caritas ameketi ukingoni, amemshika samaki mkubwa kwa mikono miwili, nao wanacheka kwa sababu samaki amewarushia maji usoni. Hakuna zaidi ya hapo. Esperance aliponisimulia alilia, akasema angewakuta kitandani ingekuwa rahisi, maana angejua la kufanya. Lakini yeye, katika miezi yote ya tangi lile, hakuwahi kuitwa kumshika samaki.

Caritas aliinuka upesi akampa kiti. "Karibu, dada. Usiwe na wasiwasi, zinapona. Chumvi inaondoa ule utando."

"Na kwa nini wasiponee nyumbani?"

"Chumvi ikiingia mu tangi yenu itaua mboga yako yote. Akilimali amekataa kabisa. Amesema mboga ya bibi yake isiguswe."

Ungedhani maneno hayo yangemtuliza. Mumewe alikuwa akipita mbele ya askari kila asubuhi kwa ajili ya lenga-lenga zake! Lakini kuyasikia kutoka kinywa cha mwanamke yule, akitabasamu, kana kwamba ni yeye anayemgawia mapenzi ya mumewe kwa kijiko, hilo lilimchoma mpaka ndani. Kwa nini Akilimali alimwambia huyu, asimwambie yeye? Akaaga kwa heshima. Akapita sokoni akanunua chumvi, chumvi ya bei ya vikwazo, akarudi nyumbani, akaimwaga yote tangini.

Nilikuwa naanika nguo. Nilimwona akichota maji yale kwa ndoo na kuyamwaga juu ya kokoto, taratibu, pipa baada ya pipa, kama alivyofanya kila siku.

Mume aliporudi akamwambia, "Papa Mélissa, rudisha samaki. Dawa iko hapa."

Akilimali alichovya kidole majini, akaonja. Aliwarudisha samaki siku ileile, kwani hakuwa na sababu tena ya kuwaacha kule. Mboga haikufa mara moja. Kwanza kingo za majani zikaungua rangi ya kahawia, kisha nyanya zikainama, kisha lenga-lenga zikalala zote juu ya kokoto. Esperance hakuwa na cha kupeleka sokoni.

"Ulijua?" Akilimali alimuuliza mbele yangu.

"Nilijua. Aliniambia yeye."

"Mboga yako yote?"

"Yote."

Akilimali aliyasogelea mapipa. Kisha akachuchumaa, akaanza kung'oa mashina yaliyokauka, akasema bila kugeuka, "Njoo unishikie huyu mwenye doa. Shika kwa mikono miwili, polepole." Esperance akakunja mikono ya blauzi.

Jumapili baada ya misa, Caritas alipita kwetu, miwani imepanguswa vizuri, amevaa pagne, kitenge chake cha kanisani. Alisimama kwenye lango dogo la uwanja akauliza hali ya wagonjwa wake. Akilimali alikuwa ndiyo kwanza anatoka nyuma ya nyumba na ndoo mkononi, na ndani ya ndoo mlikuwa na samaki watatu waliokufa asubuhi hiyo, tumbo juu. Mimi niliwaona. Esperance pia aliwaona.

"Zimepona, dada," Esperance akamjibu Caritas kabla mumewe hajafungua kinywa. "Zote. Usijisumbue tena kuja."

Caritas akamgeukia Akilimali, akingoja asikie kutoka kwake.

Akilimali aliisogeza ndoo nyuma ya miguu yake. "Zote," akasema.