Sahani ya Firigisi kwa Wakantoni

Mzee Bonifasi Mloka alisimama mlangoni pa mgahawa wa Wachina wa Kantoni, kofia mkononi, akashindwa kuingia. Dirishani walining'inia bata sita wa kuchoma, wekundu, wanang'aa kwa mafuta, kila mmoja na kichwa chake na shingo yake ndefu. Kwa miaka arobaini alikuwa mchinjaji na mgawaji wa nyama katika sherehe za ukoo wake kule Matombo, na hakupata kuona nyama iliyoiva ikimtazama mlaji machoni.

"Ingia, mjomba, wasikutishe. Wamekufa hao," alisema Juliana, akamshika mkono.

Juliana alikuwa binti wa Joyce, dada yake Bonifasi. Baba yake alifariki Juliana akiwa na miaka sita, na tangu hapo alilelewa nyumbani kwa mjomba wake mpaka akasoma, akawa muuguzi, akahamia Mafiga. Sasa alikuwa amepata mchumba, Shukuru, fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa. Jumamosi hiyo mchana pande mbili zilikutana mjini Morogoro ili mjomba atoe neno lake. Asipolitoa, hakuna kwenda kanisani.

Na katika ukoo wa kina Mloka neno hilo halikutoka mdomoni. Lilitoka mkononi. Kuku alipikwa, mjomba akaichukua firigisi, ile moja tu aliyonayo kuku, ambayo siku nyingine ni ya mwenye nyumba, akamkabidhi kijana mbele ya watu wote. Akiila, amepewa mke. Mjomba akiila mwenyewe, kijana na watu wake wanashukuru kwa chakula na kurudi walikotoka. Hakuna maneno mengi, hakuna kipaza sauti, hakuna mtu wa kukodiwa aje kupiga kelele. Hivyo ndivyo Bonifasi alivyompata mkewe Angelina, na hivyo ndivyo alivyowaoza mabinti kumi na mmoja wa ukoo.

Zamani shughuli kama hiyo ilianza siku tatu kabla. Wanawake walitwanga, wanaume walipasua kuni, na mgeni akifika alijua kwa harufu tu kwamba anasubiriwa. Safari hii Bonifasi alipigiwa simu. "Mjomba, tumeshaweka meza kwa Wakantoni." Ikawa basi.

Meza yenyewe ilikuwa ya mviringo, na juu yake kimelazwa kioo kikubwa cha duara kinachozunguka. Walikaa watano: Bonifasi, dada yake Joyce, Juliana, Shukuru, na mjomba wa Shukuru, Mzee Kondo wa Kisaki, mtu wa maneno mengi na tumbo linalomtangulia. Mhudumu, binti aliyeitwa Mariamu, alileta birika, akaweka bakuli kubwa katikati, akapanga ndani yake vikombe na kuvimiminia chai ya moto.

Bonifasi alifurahi. Angalau hawa watu wananawa. Akakunja mikono ya shati, akazamisha vidole.

"Mama yangu wee!" Akaruka.

"Babu, hapo tunasuuzia vyombo," alisema Mariamu, amejaza mashavu kwa kicheko anachokizuia. "Kunawa ni kule kwenye sinki."

"Mnaosha vyombo kwa chai?"

"Ndivyo wanavyofanya kwao, babu."

"Na maji mnayafanyia nini? Mnakunywa na sukari?"

Mzee Kondo aligonga meza kwa kucheka. "Mzee mwenzangu, umeanza kuoga chai kabla hatujakula! Tukifika kwenye supu utavua na viatu."

Hapo chakula kikaanza kuja, na Bonifasi hakuelewa kinakujaje. Samaki mzima wa mvuke, amefunikwa tangawizi, macho meupe. Mboga za majani ambazo hazikuiva. Kuku aliyekatwakatwa pamoja na mifupa yake, bila kufuata kiungo hata kimoja, kama mtu aliyepiga shoka akiwa amefumba macho. Paja liko wapi? Kidari kiko wapi? Mtu atajuaje hili ni la mama, hili ni la mgeni? Halafu kile kioo kikazunguka. Chakula kikampita mzee kikaenda kwa kijana, kikampita tena kikaenda kwa wanawake, na kila mtu alidokoa mbele yake bila kumtazama mwenzake. Hakuna aliyegawa. Hakuna aliyepewa. Bonifasi alikaa mikono magotini, mgawaji wa miaka arobaini asiye na kazi.

"Firigisi ya kuku huyu iko wapi?" alimnong'oneza Joyce.

"Subiri, kaka. Juliana amesema inakuja."

Ikaja. Mariamu aliweka kwenye kioo sahani pana. Zilikuwa firigisi tupu. Zimerundikana, nyeusi kwa mchuzi wa soya, zinanukia mdalasini, ule ule anaoubandua mwenyewe shambani kwake. Alihesabu mpaka ishirini na nane, akaacha. Kuku ishirini na nane! Nyumba ishirini na nane ambazo mwenye nyumba hakupewa chake!

Kabla hajafunga mdomo, kioo kilizunguka. Shukuru, mtoto wa watu asiyejua lolote, alichoma moja kwa uma, akala. Akachoma ya pili. Mzee Kondo akajipakulia nne.

"Simamisha!" Bonifasi alikishika kioo kwa mikono miwili, supu ikamwagika. "Nani amekupa?"

Shukuru aliacha kutafuna. "Shikamoo," alisema.

"Sikuulizi salamu. Umekula firigisi. Nani amekupa?"

"Ilikuwa... imepita mbele yangu, mzee."

"Imepita! Na binti yangu naye alipita mbele yako?"

Mzee Kondo aliweka uma chini polepole. Kwao Kisaki nao mjomba ni mjomba, na alijua sasa kwamba mzaha umekwisha. Joyce alijifunika uso kwa kanga. Kijana alikuwa amekwisha kujipa mke mwenyewe, kwa uma, na mwenye kutoa neno ameketi pale pale.

"Mjomba, ni mimi niliyeagiza," alisema Juliana. "Niliwaomba wapike nyingi. Kwa heshima yako."

Bonifasi alimtazama kama amemwona leo. Akainuka, akaenda kusimama karibu na mlango, penye tangi la vioo ambamo samaki walizunguka wakisubiri kuchaguliwa. Huyu amekulia mikononi mwangu, alijiambia. Ameona mabinti wangapi wakiozwa uani kwangu? Na bado alidhani ni utamu wa nyama.

Juliana alimfuata. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usiondoke, mjomba. Bila neno lako siendi kanisani, unanijua."

"Sahani nzima, Juliana! Heshima inapikwa kwa sufuria?"

"Nilidhani zikiwa nyingi utafurahi." Aligeukia tangi la samaki, akasema, "Na nilitaka zibaki."

"Zibaki za nini?"

"Miaka kumi na minane nimekaa kwako. Kila sikukuu nilikuwa nalishika lile bakuli la firigisi, nakuletea, nalipitisha puani kwangu. Ukila, namkodolea macho mkazamjomba, naye anatazama chini. Hakuna mwanamke wa nyumba ile anayejua ladha yake."

"Ulikuwa unaitamani?"

"Kila siku, mjomba."

Bonifasi alishika ukuta. Mambo ya bata na chai na kioo yalikuwa mchezo. Hili lilimpiga palipo patupu. Alikuwa mgawaji. Alijivunia kwamba hakuna aliyewahi kuondoka uani kwake amepunjwa.

"Na leo umeila?"

"Bado. Imenipita mara mbili. Mkono umekataa kunyooka."

Alirudi mezani, Juliana nyuma yake. Hakuna aliyekuwa anakula. Bonifasi hakuchukua uma. Alitia vidole kwenye sahani, akachagua firigisi moja, kubwa, akanyoosha mkono. Shukuru akanyanyua kiganja kuipokea, lakini mkono wa mzee ukampita.

"Kula, Juliana. Neno langu ni hilo. Huyu wako amekwisha kula zake, Mungu amsamehe."

"Kaka!" Joyce aliruka kitini. "Kaka, mwanamke?"

"Nimeona, Joyce. Mkono ni wangu."

Juliana alikula amesimama, machozi yakimtoka, na alitafuna muda mrefu. Mzee Kondo alitikisa kichwa. "Nikilisema hili Kisaki wataniambia nimelewa."

Bonifasi aliketi. Aliviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine, kwa sababu hakujua atawaambia nini wazee wenzake huko Matombo watakapomuuliza nani alipewa. Mariamu alipokuja kuondoa vyombo alimzuia.

"Hizi zilizobaki nifungie vizuri," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kama anagomba. "Mke wangu ana miaka sitini na saba."