Mlango Tulioupita

Mwezi uliopita nilirudi Jericho, mtaa niliokulia, kwa matanga, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa sauti ya tarumbeta. Miguu ikaanza kuhesabu yenyewe, kushoto, kulia, kabla akili haijafika. Nikapinda kona ya safu ya mwisho ya nyumba nikitafuta bendi, rafiki yangu, na bendi haikuwepo. Kulikuwa na pikapu imeegeshwa, spika kubwa imefungwa nyuma kwa kamba, na kijana ameketi kando yake akitafuna muwa, simu mkononi. Wimbo ulipoisha aligusa simu kwa kidole kimoja, ukaanza tena.

Aliyefariki ni nyanya yake dada wa besi, msichana aliyepuliza tarumbeta kubwa katika bendi yetu ya utotoni. Sijui kama wewe una mtu unayemkwepa, si kwa sababu alikukosea, ila kwa sababu wewe ulimkosea naye akanyamaza. Mimi ninaye. Akipita ng'ambo ya barabara, mimi huingia duka lolote na kuuliza bei ya kitu nisichokitaka. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana siku zile nilikuwa mtoto mwenye furaha sana, na makosa yangu makubwa yote nimeyafanya nikiwa na furaha.

Tulikuwa na bendi. Bendi ya watoto na vijana wa mtaa, matarumbeta ya kila ukubwa na ngoma mbili, yaliyotunzwa kwenye stoo nyuma ya kanisa letu la mabati. Mwalimu wa bendi alikuwa fundi viatu sokoni. Ujanani aliwahi kupuliza katika bendi ya askari, na sindano aliyoshonea soli ndiyo aliyozibia ngozi ya ngoma. Mazoezi yalikuwa jioni, baada ya shule, na mpaka leo nikisikia harufu ya gundi ya viatu mdomo wangu hujikaza tayari kupuliza.

Ijumaa kabla ya mashindano kila mtu alipewa chombo chake akakisafishe nyumbani. Tulikisugua kwa majivu na ndimu. Kama ulikuwa na kidonda kidoleni, siku hiyo ungekikumbuka. Jirani yetu, mama muuza mboga, akitupita tumechuchumaa kwenye mfereji na masufuria ya majivu, alikuwa akiuliza, "Leo mnakaanga samaki ama mnakaanga chuma?" Nyanya yangu alituletea chai ya maziwa na maandazi ya jana, na andazi lile lilikuwa na ladha ya ndimu na shaba, na sijala tamu kama hilo tena. Mwalimu akipita kukagua alikuwa na neno lake moja. "Tarumbeta chafu husema uongo."

Dada wa besi alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi na mitatu. Besi ndilo tarumbeta kubwa kuliko yote, linamzunguka mtu kama chatu, na yeye alikuwa mwembamba. Wachuuzi wa soko walimtania kila alipokatiza. "Wee dada, umeibeba ama imekubeba?" Naye bila kugeuka, "Nyinyi bebeni vitunguu. Mimi nimebeba heshima ya mtaa."

Yeye ndiye aliyenifunza kupumua. Alinilaza sakafuni kwa nyanya yake, akaniwekea pakiti ya unga ya kilo mbili tumboni. "Inua unga," akasema. Nikajaribu kwa kifua, unga ukatulia tuli. "Si hapo. Hapo ni pa kulia. Inua unga." Nyanya yake, aliyekuwa na miguu mibovu na aliyeshinda kwenye stuli karibu na mlango, alicheka mpaka akajifuta macho. Siku unga ulipoinuka na kushuka wenyewe kama mtumbwi, dada alinipa jina. Tangu hapo sikuitwa kwa jina langu tena pale mtaani. Niliitwa Unga.

Sasa, tulikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Siku ya mashindano bendi yetu haikukutana kanisani. Ilikwenda kuchukuliwa, mlango kwa mlango. Ngoma moja na tarumbeta ya kwanza zilianzia safu ya mbele, alfajiri imeshapasuka, kina mama wanamwaga maji ya vyombo. Mbele ya mlango wa kila mpigaji tulisimama. Ngoma ikanyamaza. Tarumbeta ikapiga mwito wa nota nne, halafu kimya. Aliyekuwa ndani alijibu kwa chombo chake, hata kama bado anavaa soksi, kisha akatoka na kujiunga. Asipojibu, mwito ulirudiwa, mpaka mara tatu. Baada ya hapo mlijua hayupo, mkaendelea. Lakini kati ya mwito na mwito ngoma haikuruhusiwa hata kukohoa. "Mlango haupitwi bila kusikilizwa," mwalimu alikuwa akisema. Hivyo bendi ilianza na watu wawili ikakua njiani, na watoto wadogo wakifuata nyuma wakipuliza mikono yao, na mlango wa mwisho kabisa ulikuwa wa dada wa besi, kwa sababu besi ndiyo inayofunga bendi.

Mwaka huo tarumbeta ya kwanza nilipewa mimi.

Na mwaka huo mgeni alikuwa anakuja. Mwalimu alituambia kwa sauti ya chini, kana kwamba habari yenyewe ingekimbia. Mzee mmoja aliyewahi kupuliza naye, sasa mkubwa katika bendi ya askari, angekuja kwenye mashindano kule Buruburu, mtaa wa jirani, kutafuta kijana wa besi wa kuajiri. Mmoja tu. Mwalimu hakumtazama dada aliposema hivyo, lakini sisi sote tulimtazama. Kwao kulikuwa na yeye na nyanya yake basi, na mkono uliolisha nyumba ile ulikuwa wa kufulia watu nguo. Jioni hiyo niliwaona wawili hao mlangoni, nyanya akisugua besi kwa ndimu, dada akishika kibeseni, hawaongei.

Asubuhi ya mashindano mwalimu alitangulia Buruburu kutushikia nafasi. Bendi iliyochelewa ilikatwa. Nilianza vizuri. Mwito, kimya, jibu. Mwito, kimya, jibu. Kisha mvulana wa tromboni akakosa kiatu kimoja, tukakitafuta mpaka kikapatikana kwa mbwa wa jirani. Jua likapanda. Tulipofika safu ya nne watu walikuwa wametoka wote, wanaimba, mama muuza mboga ametupa kanga hewani, na ngoma ilikuwa tamu, rafiki yangu, tamu kiasi kwamba kuinyamazisha kulikuwa kama kumwaga chai.

Tukafika mlango wa mwisho. Ulitazama upande wa nyuma, upande wa mtaro, na sauti kutoka ndani ilichelewa kufika. Mpiga ngoma akainua vijiti ili anyamaze. Nikamwonyesha kwa mkono. Endelea.

Akanikazia macho. "Mwalimu je?"

"Tutachelewa. Piga tu."

Nikapiga mwito mara ya kwanza, juu ya ngoma. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu. Hakutoka mtu. Nikajiambia, labda ametangulia na mwalimu, maana leo ndiyo siku yake. Nilijiambia hivyo upesi sana. Tukageuka, tukaondoka.

Ukumbini tulipanda jukwaani bila besi. Sijui nikwambieje. Ni kama kuingia nyumbani ukute sakafu imetolewa. Kuta zipo, dirisha lipo, lakini mguu unatafuta pa kukanyaga. Mbele, karibu na waamuzi, alikaa mzee mwenye kitambi na daftari dogo. Alisikiliza nyimbo zote mbili kalamu ikiwa imefungwa. Tulipokuwa tunainama kushukuru, mlango wa nyuma ulifunguka, na dada wa besi akaingia, tarumbeta begani, soksi nyeupe zimejaa tope mpaka magotini, pumzi inamkata. Alikuwa amekimbia kutoka Jericho na ule mzigo. Yule mzee alimtazama, akamtazama mwalimu, akaweka daftari mfukoni. Bendi mbili zilifuata, na zote zilikuwa na besi.

Tulipata kikombe cha mshindi wa pili. Mwalimu alikiweka chini, nje kwenye nyasi, kama mtu anayeweka kiatu cha mteja.

"Mlango wa mwisho mliupigia?"

"Mara tatu, mwalimu," nikasema. Na ilikuwa kweli. Hakuniuliza habari ya kimya, nami sikusema. Mpiga ngoma aliangalia viatu vyake.

Dada alinitazama kwa muda ambao bado naupima. Kisha akasema, "Nimechelewa, mwalimu. Nisamehe." Akachomoa kwenye besi kile kipande kidogo cha shaba tunachowekea midomo, sisi tulikiita kidomo, akakifuta kwa leso, akamrudishia. Hakurudi kwenye mazoezi tena. Muda haukupita akahamia mtaa wa Mukuru kwa Reuben kutafuta kibarua viwandani, na nyanya akabaki na jirani wa kumwangalia. Mimi niliendelea kupuliza mpaka mwalimu alipozeeka na kurudi kwao magharibi. Kila nilipopiga nota nzuri, niliisikia imepungukiwa chini.

Basi mwezi uliopita nikamkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye stuli ile ile ya nyanya, mbele ya beseni la viazi vya wageni. Nywele zimeanza kuota mvi kwenye kona, na bado hajafika thelathini.

"Unga," akasema. "Umekuja."

"Nimekuja, dada. Pole."

"Nishapoa. Kisu ni hicho."

Tukamenya. Nilimenya viazi vitatu hivi, halafu nikamwambia. Kwamba ngoma haikunyamaza. Kwamba ni mimi niliyesema isinyamaze. Nilisema nikiangalia maganda. Kisu chake hakikusita.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Si nilijibu. Nilikuwa namwosha nyanya miguu, imevimba, hakuweza kujishikilia. Ningemwachilia angeanguka. Nikasema niwajibu wanisubiri kidogo tu. Nikavuta besi kwa mguu, nikajibu. Mara mbili, Unga. Ya tatu nikajibu nimesimama, mkono mmoja begani kwake. Nyanya, miguu kwa beseni, akaniuliza, 'Hiyo ngoma mbona haipumui?'"

Kulikuwa na kuku karibu na mtaro, anaparuza. Nilimtazama yule kuku sana.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Na ulikuwa na mate kwa kidevu." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaenda. "Ningesema, mwalimu angekunyang'anya tarumbeta siku hiyo hiyo. Sasa tungepotea wawili." Akaokota kiazi kingine. "Lakini usidhani haikuniuma. Nikiwa foleni pale kwenye geti la kiwanda, lori lipige honi, tumbo langu bado linajaza pumzi. Kila asubuhi."

Sikulia. Nilitaka, ila nilikumbuka ni wapi pa kulia na ni wapi pa kupumulia, nikavuta pumzi kwa tumbo.

Saa nne walisema mwili utoke, gari la kumpeleka kwao magharibi kuzikwa limefika. Kijana wa pikapu akapandisha sauti ya spika. Dada akafuta mikono kwenye leso, akamwendea.

"Zima hiyo kidogo."

"Madam, nimeambiwa nisizime mpaka barabarani."

"Zima. Tutakwambia uwashe."

Akazima. Mtaa ukawa na kimya ambacho nilikuwa nimekisahau. Nimekaa na kidomo changu miaka yote hii, kinaning'inia pamoja na funguo zangu, wateja ninaowasuka nywele hudhani ni kengele. Nikakitoa. Nikasimama mahali pale pale niliposimama siku ile, nikapiga nota nne. Kidomo bila tarumbeta hulia kama bata mchanga, na watoto wawili wakacheka, na mama yao hakuwakemea. Nikanyamaza. Watu wote wakanyamaza. Sikurudia mwito. Niliamua kwamba hata tukikaa mpaka jioni sitaurudia.

Dada wa besi alikuwa ameingia ndani, amesimama kando ya jeneza. Akakunja mikono yake miwili mdomoni kama bakuli. Ikatoka sauti ya chini, nzito, kutoka pale unapokaa unga. Ilifika ikiwa imechelewa, kama ilivyochelewa siku zote kutoka mlango ule. Ndipo wakamtoa nyanya.

Katika stoo ya bendi sasa wanauza mitungi ya gesi. Matarumbeta hakuna anayeweza kuniambia yalikwenda wapi. Wanasema safu hizi zote zitavunjwa, yajengwe magorofa, lango moja kwa watu mia, na kitufe cha kengele cha kubonyeza. Labda ni vizuri; nyumba zenyewe zimechoka, na mimi pia huota kuishi juu, niione Jericho yote kwa dirisha moja. Lakini siku hizi nikienda kwa mtu nabisha mara moja tu, halafu natulia. Wengine hudhani nimeondoka. Sijaondoka. Nasikiliza.