Kiti cha Moteri

Gitega iko juu ya vilima, na maji mengi kule ni yale ya mvua yanayoingia kwenye viatu. Ndiyo maana Amissi, fundi wa makochi, alipoanza kukarabati mashua uani kwake, mtaa mzima ulipita kumpa pole. Wengine walidhani ni muvure, lile gogo lililochongwa la kukamulia ndizi, wakauliza pombe itaiva lini. Amissi ni Mwislamu wa swala tano. Aliwajibu itaiva siku watakapoacha kujaribu makochi yake bila kununua.

Mashua yenyewe ilikuwa mabaki ya mradi mmoja wa samaki, uliokufa kabla samaki hawajapata habari kwamba umezaliwa. Ililala miaka mingi nyuma ya ofisi, kuku wakitagia humo, mpaka mkubwa wa pale akakubali kuibadilisha kwa kochi la watu watatu. Kila mmoja aliondoka akiamini amempunja mwenzake.

Amissi hakuwa na kazi nayo mpaka alipokwenda Muyinga kumposa Hidaya. Hidaya, mshonaji wa nguo asiyechekeshwa kirahisi, alikwisha kukubali. Lakini baba yake hayupo duniani, na neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake Kadidja, mwanamke mzito wa mwili na wa maamuzi. Shangazi alipiga miayo wakati mposaji akieleza tofauti za eponji, zile sifongo za kujazia makochi. Amissi akaogopa, akasema neno la kwanza lililomjia.

"Shangazi, mi niko na mashua ya moteri."

Miayo ikakatika katikati. "Mashua? Gitega?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi ilete hapa mtoni Ruvubu. Univushe ng'ambo, unirudishe. Ukifanya ivyo, Hidaya ni wako. Ukishindwa, ntajua ata makochi yako iko na majani ndani."

Hidaya alimtazama mchumba wake kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya na fundi mwingine.

Moteri ilitafutwa na Cibalonza, mama wa Kivu ya Kusini anayeuza vipuri sokoni Gitega. Ilikuwa ndogo, iliyokwisha kutumika, ila inanguruma. Esense, yaani petroli, nayo ilipatikana, kwa njia ambazo siku hizi hazielezwi mbele ya watoto. Tatizo likabaki mashua: ubao wa nyuma, pale moteri hufungwa, ulikuwa umeoza.

"Papa Amissi, utahitaji shezi," akasema Cibalonza.

"Shezi gani?"

"Shezi ya moteri. Kiti. Unaifunga nyuma ya mashua, moteri inakaa juu yake. Iko mbili. Iko ya chuma yenye ressort, springi, unaipandisha, unaishusha. Na iko ya kusudura tu, ya kuchomelea, ile haitembei. Mi nakushauri ya ressort."

Amissi akajigusa kifua. "Mama Cibalonza. Unataka kuniuzia kiti. Mi."

"Si kiti ya matako, Papa. Moteri haina matako."

"Kila kinachokaa kina matako."

"Bon. Lakini upime kwanza. Hii moteri iko na mguu mufupi. Ukiiketisha juu sana, elise haitafika mu maji." Elise ni lile feni la chini linalosukuma mashua.

"Mguu mfupi, mguu mrefu, kiti ni kiti."

Akarudi karakana akachagua libuyu, mbao ngumu ya Kongo aliyokuwa akiiwekea mteja mwenye heshima. Mikono yake imekata viti vya kimo kimoja maisha yake yote, na haikuona sababu ya kubadili tabia kwa ajili ya mgeni mmoja. Kiti kikatoka na maua ya kuchonga, verni ya kung'arisha mara mbili, na sehemu za kuegemeza mikono. Moteri haina mikono, lakini Amissi alisema kiti bila mikono ni kigoda.

Siku ya kujaribu, alifunga kila kitu kwa bulon na nati, akaleta pipa la maji. Elise haikufika majini. Amissi hakusumbuka, aliliinua pipa juu ya matofali. Moteri ikawaka, maji yakaruka, mtaa ukapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza kama Ruvubu nayo itakubali kuwekwa juu ya matofali.

Mashua ilifika Muyinga juu ya lori, chini ya magunia ya mchele. Shangazi Kadidja alikuja mtoni na vitenge vipya na ndugu wa kutosha kuwa mashahidi. Akaketi mbele, kama mgeni rasmi. Pua ya mashua ikazama kidogo, mkia ukainuka zaidi. Amissi akavuta kamba. Moteri ikanguruma vizuri kabisa, na elise ikazunguka hewani ikiwapepea vyura.

Mashua haikusogea.

"Mukwe," Shangazi akasema bila kugeuka, "moteri yako inaimba. Itacheza saa ngapi?"

Ndugu wakacheka. Hidaya, aliyesimama kando ya maji, hakucheka. Amissi aliongeza moto. Vyura wakapepewa zaidi.

Basi Shangazi akainuka, akaanza kurudi nyuma ili amwambie kwa karibu kile alichofikiri. Kila hatua yake mkia ulishuka. Alipofika penye kiti, elise ikauma maji, mashua ikachomoka, na Shangazi akashikilia mikono ya libuyu kwa nguvu zake zote. Hotuba aliyokuja nayo ilibaki ufukweni.

Ng'ambo, alishuka kusalimia watu. Amissi alijaribu kugeuza mashua bila yeye: hewa tupu. Shangazi alisimama akaangalia elise, akaangalia mwili wake, akaangalia elise tena.

"Kumbe shezi ya kushusha moteri ni mi."

"Shangazi, kiti nimekitoa kirefu," Amissi akasema chini chini. "Nilipima kwa mazoea."

Shangazi alikuwa amevushwa, hajarudishwa. Akikataa kupanda, posa imekwisha. Aliwaaga watu wa ng'ambo mmoja mmoja, mpaka jasho la Amissi likamalizika lenyewe. Kisha akapanda, akaketi nyuma, kitini kando ya moteri, akaweka viwiko juu ya maua ya kuchonga.

"Iko raha hii kiti. Usiikate miguu."

Walipotia nanga, akamwambia Hidaya akatafute nguo ya harusi.

Cibalonza aliwaletea zawadi ya ndoa: shezi ya chuma, yenye ressort. Shangazi ameiweka sebuleni kwake, juu yake chungu cha maua. Wenye ndoa wakitaka matembezi mtoni, wawili tu, wanakwenda watatu.

Sasa Hidaya ana mimba kubwa, na juzi alitaka kujaribu kama uzito wake unatosha. Akaketi nyuma penye mikono ya libuyu, Amissi akavuta kamba. Elise ikagusa maji, ikateleza, ikagusa tena.

Shangazi Kadidja alikuwa ufukweni, mkoba tayari mkononi.

"Bado," akasema. "Rudini munichukue."