Chaguo la Kwanza

Mimi ndiye Shangazi Fomu. Ukija mtaani kwetu na cheti chako mkononi, huna haja ya kuuliza mara mbili. Pita duka la dawa, pita karakana ya fundi mota, mlango wa bluu wenye mashine ya kutoa kopi ndio wangu. Miaka kumi na tisa nimewajazia watoto wa watu fomu za kuomba chuo, na mdomo nilikuwa nao, sikatai. Nilikuwa nasema mkono wangu hauna kisirani. Leo nasimulia habari za mtoto wa kaka yangu, tuliyekuwa tukimwita Injinia, na afadhali niyaseme mwenyewe kabla mtu mwingine hajanisemea.

Kaka yangu anasuka mota. Pampu ya maji ikiungua, mashine ya kusaga ikiungua, analetewa yeye. Anatoa waya wa zamani, anahesabu ulizungushwa mara ngapi, anasuka mwingine wa shaba kwa hesabu ileile, anapaka vanishi, anakausha. Hesabu ndiyo kazi yenyewe, maana ukikosea mizunguko michache tu mota inachemka na mteja anarudi amekasirika. Tatizo ni kwamba kaka yangu akiongeleshwa anasahau alipofika, na wateja wake wote ni watu wa porojo. Basi mtoto wake wa kwanza, binti, alipokuwa darasa la tatu akamweka kwenye stuli kando ya meza awe anahesabu kwa sauti. Watu wanapiga soga, kaka anacheka, mikono inazungusha, na kasauti kale kanaendelea: hamsini na sita, hamsini na saba. Siku moja baba akasema themanini, mtoto akasema, "Baba, sabini na tisa." Wakabishana mpaka nikatoka dukani kuangalia kuna nini. Wakafumua yote, wakahesabu upya. Sabini na tisa! Toka siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye daftari la mahudhurio, mtaani akawa Injinia.

Lakini jina alilistahili baadaye, akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Zahanati ililetewa pampu ya msaada, kumbe wezi walikwishaifungua njiani wakanyofoa shaba yote. Kaka akaigeuzageuza ile mota tupu, akakuna kichwa. "Mimi nasuka nilichokikuta," akasema. "Hapa sijakuta kitu." Binti akachukua rula, akapima chuma ndani na nje, akahesabu mifereji, akajifungia na karatasi mbili. Kesho yake akasema, "Jaribu sitini na nne, baba." Kaka akasuka. Wakaiwasha. Pampu ikanguruma taratibu, haikupata hata joto.

Kaka akaja mlangoni kwangu, vanishi mikononi, machozi yanamtoka na hayafuti. "Dada," akaniambia, "miaka yote hii nafanya kazi hii na sijui kwa nini inafanya kazi. Huyu anajua." Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo. Nami nililia, kwa nini niseme uongo.

Matokeo yakatoka, akapata pointi arobaini na sita kati ya hamsini. Mtaa mzima ukajua kabla ya saa sita mchana, maana nilihakikisha. Sasa usifikiri pointi arobaini na sita ni tiketi. Chuo cha serikali chenye uhandisi wa umeme kwetu ni kimoja, na nafasi ni sitini. Sitini kwa nchi nzima, na mwaka uliotangulia waliziomba watoto elfu saba na ushee, kila mmoja kwao ni Injinia, kila mmoja ana shangazi anayejisifu. Vyuo vya kulipia vipo, ila hivyo ni vya wenye navyo. Kwetu ilikuwa hicho kiti au basi.

Na mimi nilikuwa na jeraha bichi. Mwaka huohuo uliotangulia, mtoto wa fundi viatu alikataa ushauri wangu, akajaza uhandisi machaguo yote matatu. Akakosa yote matatu. Mama yake akawa akipita mbele ya duka langu anatazama upande wa pili wa barabara, kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima. Nikaapa haitatokea tena, sembuse kwa damu yangu.

Kanuni yangu niliitoa enzi za karatasi. Chaguo la kwanza unaweka unachokipata kwa hakika, la pili ndipo unaweka unachokitaka. Fomu zilikuwa zinasomwa na mtu, anakaa ofisini na miwani yake. Akiona pointi zako ni nyingi kuliko ulichoomba, anakupandisha mwenyewe. Niliwaona watoto watatu wakipandishwa hivyo kwa macho yangu. Baadaye karatasi zikaondoka, ikaja kompyuta, mimi nikanunua kompyuta na kanuni nikabaki nayo.

Siku ya kujaza akaja na baba yake. Binti akakaa karibu nami, akaniambia kwa adabu zake zote, "Shangazi, naomba uhandisi uwe wa kwanza."

"Na ukikosa?"

"Kuna la pili na la tatu. Nimesoma maelekezo. Wanasema kompyuta inaanza na la kwanza, ukilipata inasimama hapohapo, haiangalii mengine."

"Maelekezo!" nikacheka. "Mwanangu, nilikuwa najaza hizi fomu hujaanza hata shule. Maelekezo wanaandikiwa wageni."

Akamtazama baba yake. Kaka alikuwa amesimama mlangoni asije akachafua kiti na nguo za kazi. "Msikilize shangazi yako," akasema. "Ya mota ni yetu, ya karatasi ni yake."

Binti akageukia kompyuta. Akasema, "Sawa, shangazi." Nikaandika ualimu wa sayansi la kwanza, uhandisi wa umeme la pili. Nikabonyeza mimi. Kidole hiki hapa.

Ujumbe ulikuja baada ya mwezi, kwenye simu ya baba. Ulianza na neno hongera. Wifi yangu akapiga kelele za furaha kabla haujamalizwa kusomwa, kisha akanyamaza katikati. Ualimu. Kaka akausoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni.

"Pointi zimepanda mwaka huu," nikasema. Niliamini hivyo, naapa.

Kaka akamshika binti bega. "Si neno, mwanangu. Ungeongeza bidii kidogo tu, kidogo tu, ungefika. Lakini ualimu ni kazi, na sisi hatuwezi kuchagua." Toka jioni ile akaacha kumwita Injinia. Akawa anamwita Mwalimu, kwa kumtia moyo, na kila akilitamka binti alikuwa anaitika kwa tabasamu.

Wiki mbili baadaye chuo kikatoa orodha ya walioingia. Huwa naichapa naibandika mlangoni, watu waje wasome. Nikaichapa. Uhandisi wa umeme, nafasi sitini, aliyeingia wa mwisho: pointi arobaini na nne.

Nikasoma tena nikidhani nimeruka mstari. Arobaini na nne. Wetu alikuwa na arobaini na sita. Jamani! Nikakaa juu ya boksi la karatasi, na mteja akawa ananiita, "Shangazi, shangazi, kopi zangu," namsikia kwa mbali.

Sikuibandika. Nikaikunja, nikafunga duka, nikasafiri mpaka ofisi ya udahili. Nilipanga foleni tangu asubuhi. Dirishani alikuwa binti mmoja mpole, macho yamechoka, akaingiza namba, akasoma.

"Mama, huyu hajakataliwa," akasema. "Amepewa alichoomba."

"Alichoomba nimekiomba mimi!"

Yule binti akaniangalia, nikaona amenionea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko angenifokea. Akanieleza kama anavyoelezwa mgeni, yaani maneno yaleyale: kompyuta inaanza na la kwanza, ukilipata inasimama hapo. Mtu wa miwani hayupo tena, alistaafu. Nikamwuliza kuhusu kuhama. Akasema mpaka mmoja wa sitini aache kiti chake, na wanaokingojea ni mia tatu na kitu, nao walikiweka cha kwanza. Nikaomba nionane na mkubwa wake. Mkubwa akasema hayohayo, ila kwa haraka zaidi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta binti ameketi kwenye ngazi ya duka langu, ananingoja.

"Umeiona orodha?" nikamwuliza.

"Niliiona siku ileile, kwenye simu."

"Nakwenda kumwambia baba yako sasa hivi."

"Usimwambie."

"Kwa nini nisimwambie? Mimi ndiye niliyekuharibia!"

Aliinamisha kichwa, akawa anavutavuta uzi kwenye upindo wa sketi. "Shangazi, baba ana dada mmoja tu," akasema. "Kiti kimeshakwenda. Mkigombana hakitarudi."

Ningekuwa mtu wa maana ningekataa. Nilikuwa mtu mzima, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Lakini nilinyamaza, na nikajidanganya kwamba naheshimu alilotaka yeye. Uongo mtupu, ulikuwa woga wangu. Nilimwogopa kaka yangu, na nilimwogopa mtaa: Shangazi Fomu, mkono usio na kisirani!

Miaka mitano ikapita hivyo. Alisoma, akamaliza, akapangiwa shule ya mbali, anafundisha fizikia. Wanasema anafundisha vizuri. Likizo akija anakaa kwenye stuli yake ileile karakanani, anamshikia baba waya, wateja wanapiga porojo zao. Na kaka, ambaye hana ubaya hata wa sisimizi, anawasimulia: "Huyu nusura awe mhandisi. Alikosa kidogo tu. Angekaza kidogo." Mara ya kwanza nilipoyasikia nilikuwa nimewapelekea chai. Binti akapokea kikombe, akasema, "Kweli baba, ningekaza." Hakunitazama. Nilirudi dukani nikawasha mashine ya kopi bila karatasi, ipige kelele tu.

Hajawahi kunirushia neno. Afadhali angenirushia.

Mwezi uliopita kitinda mimba wa kaka naye akamaliza shule. Binti pia, mkali wa hesabu kama dada yake, anataka uhandisi wa ujenzi. Wakaja wawili, yeye na baba, na kaka akasimama palepale mlangoni na nguo zake za kazi. Safari hii mvi zimeenea.

"Mjazie, dada," akasema. "Kama ulivyomjazia mwenzake."

Mikono yangu ilikuwa tayari juu ya vitufe. Ikakataa. Nikamsukumia mtoto kibodi, nikamwambia, "Jaza mwenyewe. Unachokitaka kiwe cha kwanza." Kisha nikamwambia kaka, "Ingia ukae."

"Nitachafua kiti."

"Kaa!"

Akakaa. Nikavuta droo, nikatoa ile orodha niliyoikunja, mikunjo yake imeshaanza kukatika, nikampa. Nikamwambia yote: arobaini na nne na arobaini na sita, maelekezo niliyoyacheka, dirisha la udahili, ngazi ya duka. Sikujipaka asali. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mitano.

Akauliza kitu kimoja. "Yeye anajua?"

"Anajua. Tangu siku orodha ilipotoka."

Kaka akaitazama karatasi muda mrefu, midomo yake ikitembea kama anahesabu. "Nilimwambia angeongeza bidii," akasema. "Nimemwambia miaka mitano. Mbele ya wateja." Akarudia, "Mbele ya wateja, dada."

Akatoa simu. Akampa binti mdogo ampigie dada yake. Kaka husikiliza kwa spika siku zote, masikio yake yaliharibiwa na mashine, kwa hiyo tulisikia sote: kelele za wanafunzi, mlango, kisha yeye, "Shikamoo baba."

"Injinia," kaka akasema.

Kelele za wanafunzi zikapita, zikaishia mbali.

"Shangazi amekuambia," akasema hatimaye.

"Ulifika, mwanangu. Ulifika na ukazidi. Nisamehe mimi."

Ndipo nikamsikia akilia. Hakulia siku ya ujumbe, hakulia kwenye ngazi yangu. Alilia sasa, mwanamke mzima wa miaka ishirini na minne, amesimama kwenye korido ya shule ya watu, na baba yake anamwita jina lile tena na tena kama anayemtuliza mtoto mchanga. Mdogo wake aliacha kuandika. Mimi nilishika meza.

Kengele ikalia huko aliko. Akavuta pumzi, tukamsikia akijifuta, akakohoa kuweka sauti sawa.

"Baba," akasema, "nina kipindi. Watoto wananingoja."