Kengele ya Mwali

Hebu mwone Mwalimu Elinipa akishuka kwenye bodaboda pale Kisarawe, kikapu cha sokoni kifuani. Hakina nyanya. Kina kompyuta ya shule, kaiviringishia kanga mbili kwa sababu ya vumbi, kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Katoka nayo Misugusugu, anakofundisha.

Hii ni mara ya pili. Wiki iliyopita alikuja na mwenzake wa kiume, Mwalimu Lusajo, kumwona mwanafunzi wao Zawadi, ambaye likizo hii ameletwa kwa bibi yake awekwe ndani, afundwe. Elinipa ni mtu wa Moshi. Hakujua kwamba mwanamume hasogei mlango wa mwali. Wakanyweshwa chai uani, wakarudi walivyokuja.

Na Ijumaa ndiyo maonyesho ya klabu za kompyuta, kule Tumbi. Zawadi alikuwa anatengeneza programu ya kupiga kengele ya vipindi, maana mzee anayegonga rimu ya gari shuleni husinzia. Mwenyewe hatakwenda, lakini wenzake wangeipeleka kwa jina lake. Isipokamilika, nafasi hiyo wanapewa wavulana wa kidato cha tatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yule bwana wako leo umemwacha wapi?" Bi Siwema, bibi yake Zawadi, hakuinua macho kwenye mihogo aliyokuwa akimenya.

"Si bwana wangu, bibi. Nimekuja na mashine tu."

"Ya kike au ya kiume?"

Wanawake wote pale uani wakacheka. Elinipa naye akacheka, kisha akachuchumaa, akachukua kisu, akamenya. Akamaliza muhogo wa tatu ndipo akasema, "Bibi, kazi ile ni kukaa kimya na kufikiri. Naomba saa moja. Na wewe uwepo."

Bi Siwema akautazama muhogo ule ulivyochunwa vibaya. "Kumenya hujui," akasema. "Haya, ingia."

 Chumbani Zawadi alipokea kompyuta kwa mikono miwili, akaifungua taratibu, na vidole vikaanza kutembea. Kosa lilikuwa moja tu: mapumziko yalikuwa yanapigiwa kengele mara mbili. Akalitafuta, akalipata. Elinipa alimwona akitabasamu peke yake, akageuza uso asimtie haya.

Ikabaki kuijaribu. Zawadi akasita, kidole hewani, akamtazama bibi yake. Sauti ya mwali haitakiwi kusikika nje.

Bi Siwema akaikagua mashine juu na chini, mpaka Elinipa akaanza kukunja kanga zake.

"Sauti yako ndiyo haitoki," bibi akasema mwishowe. "Hiyo mashine hatujaiweka ndani."

Kengele ikalia, kali, hadi uani. Visu vikasimama.

"Nani huyo?" mwanamke mmoja akauliza kutoka nje.

Zawadi akainamisha kichwa. Bi Siwema akageukia mlango. Wewe ungemwambia huyo ni nani?