Koti Lililongoja Sombe

Rafiki yangu, juzi nilipita Columbus, mji niliokulia, nikakuta lile duka la ghorofa ambamo mama alikuwa akifanya usafi limefungwa. Vioo vya mbele vimepigiliwa mbao. Niliegesha gari nikakaa tu, moyo mzito, nikaisikia tena baridi ya utoto wangu.

Duka lile liliongozwa na mama mmoja aliyeanza kwa kuuza soksi, mwanamke wa kwanza kukikalia kile kiti cha ukurugenzi. Kila baridi ilipokaribia, aliwanunulia watoto wa wafanyakazi makoti kwa fedha zake mwenyewe. Langu lilikuwa jekundu, zito, lenye harufu ya dukani. Sikuwa hata nimemaliza kujitazama kwenye kioo, bibi yangu akanivua na kulitundika kwenye msumari.

"Usivae. Ye hayakula kwetu. Bon, koti ingali yake. Atakula kwanza, njo utavaa."

"Mama, ule ni bosi wetu!" mama alilalamika.

"Bosi hana tumbo?"

Kwa bibi, mtu akikupa bila kuonja chungu chako amekufanya ombaomba, na uombaomba tulikwisha kuushiba kambini tulipokuwa wakimbizi. Basi nikawa naenda shule na sweta mbili, meno yakigongana, nikimchukia bibi kimoyomoyo. Mwalimu aliponiuliza koti liko wapi, nilisema limefuliwa. Mama naye aliogopa kwamba mkubwa akiudhika, kazi itaota mbawa. Lakini kikohozi kiliponishika, alimfuata mkurugenzi kwenye lifti akamweleza yote.

Mkurugenzi alikuja Jumapili, peke yake. Bibi alikuwa amechemsha sombe, yale majani ya muhogo, tangu asubuhi, nyumba nzima ikinukia mawese. Yule mama alinawa, akamega bugali kwa vidole, akajichafua hadi kwenye mkufu, kisha akaomba aongezwe. Bibi alilitoa koti msumarini, akanivika mwenyewe, akafunga vifungo hadi shingoni.

Bibi na mkurugenzi wote wamekwisha kufa. Kwenye msiba wa mkurugenzi walisifu ukarimu wake mpaka tukachoka, wala hakuna aliyesema kwamba alijua pia kupokea. Hilo liliniuma.

Siku hizi naishi Buffalo, na kila msimu nagawa makoti kwa watoto wa wakimbizi kule mtaa wa East Side. Wazazi hushukuru sana, huinamisha macho, huondoka haraka. Mpaka leo sijampata hata mmoja wa kuniambia nije nile kwanza.